Matonge Usiyoyaandika

Issuna, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Tatu mwanangu,

Marahaba. Najua ukiifungua barua hii utanisalimia kimoyomoyo kabla ya kusoma neno lolote, ndivyo ulivyo, basi nimeitikia mapema.

Mambo ya blanketi, sabuni na namna ya kukaa na wenzio bwenini mama yako amekwisha kukueleza, na ninavyomjua atakueleza tena mpaka gari litie moto. Siyarudii. Nimemwomba aiweke barua hii chini kabisa ndani ya sanduku lako, juu ya daftari. Daftari lenyewe ni lile la vipimo, ulilolichomeka kwenye fito za dari ukidhani hakuna atakayelitafuta. Nililitafuta. Usiudhike mpaka umalize kusoma.

Siku tatu zilizopita, kabla hujaenda Mtinko kumuaga shangazi yako, ulizungumza na mama yako jikoni. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nashona ukanda wa kandambili. Ulisema ukifika chuoni utaomba uhamishiwe kwenye ushonaji. Ulisema hivi, nayarudia kama yalivyo: "Mama, muuguzi kazi yake kupima dawa. Mimi nimeshindwa kupima ugali, vidole vya baba vikaondoka. Nitampimia nani dawa?"

 Ulipokwisha panda lori mama yako alikuja nyuma ya ukuta, akasimama pale, mikono kiunoni.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia."

"Una siku tatu, Bwana Kilo. Hesabu unazijua."

Leo ni ya tatu. Naandika nikiwa nimekaa ghalani, kwenye gunia, na karatasi nimeiegemeza juu ya mizani. Nitakueleza kwa utaratibu, maana jambo hili lina utaratibu wake, na ukiruka hatua moja hutapata jibu.

Unajua kwamba mimi sikusoma. Herufi nilizijua kwenye magunia, kwenye duka la Bwana Jivan pale Singida mjini, nikiwa mbebaji. Nilibeba miaka minne kabla ya kuruhusiwa kugusa mizani. Siku aliponiruhusu aliniambia maneno matatu tu: "Kwanza chombo, Saidi." Akaniacha. Hakunieleza maana. Wiki ile ile mama mmoja alirudi na pakiti yake ya sukari, akaimwaga juu ya meza mbele ya wateja, akanitupia karatasi kifuani. "Hii karatasi nitaikoroga kwenye chai?" Karatasi zile za kaki nzito za wakati ule zilikuwa na uzito wake, na mimi nilikuwa nimepima sukari pamoja na karatasi, wiki nzima, kwa kila mtu. Watu walicheka. Bwana Jivan hakucheka wala hakugomba. Alichukua karatasi tupu, akaiweka kwenye sahani ya mizani, akanitazama. Tangu siku ile sijapima kitu bila kupima kwanza kilichokibeba.

Nakueleza hili kwa sababu maisha yangu yote nimeishi kwa sifa moja, kwamba mizani ya Saidi haina karatasi. Kwa sifa hiyo nilifungua duka langu mwenyewe kule Issuna ya zamani, bila mjomba wala mkopo. Tulipohamishiwa hapa kijijini duka likafungwa, mizani yangu ya gunia ikaingia ghala la kijiji, na mimi nikaingia nayo kama kipuri chake. Hakuna aliyeniuliza. Kinyongo hicho ninacho, wewe umekisikia mara nyingi kuliko ulivyopenda, na leo sikileti ili unihurumie. Nakileta kwa sababu kina sehemu yake katika hesabu, utaiona.

Halafu ukaja ugonjwa. Kiu, mkojo, sisimizi chooni. Wewe ulikuwa darasa la sita, ukanisindikiza hospitali kwa sababu mama yako alikuwa na mtoto mgongoni. Unakumbuka yale maji ya bluu? Daktari aliyachanganya na mkojo wangu kwenye kichupa, akakiweka juu ya moto, yakawa kijani, yakawa njano, yakaishia rangi ya tofali. Akasema hiyo ndiyo sukari. Akanipa vidonge na karatasi ya chakula. Unga gramu mia mbili na hamsini kwa siku. Maharage makavu gramu mia. Mafuta gramu ishirini na tano. Maziwa robo lita. Mlenda na majani mengine nile nishibe. Jumla, akasema, ni kalori elfu moja na mia sita, nisizidishe.

Nikamuuliza kalori ni mdudu gani. Akasema ni kipimo cha nguvu iliyomo ndani ya chakula, kama mimi ninavyopima mtama kwa kilo.

"Kwa hiyo ni gunia lisiloonekana?"

"Ndiyo, mzee, ni gunia lisiloonekana."

Wewe uliandika yote. Unga, kila gramu kalori tatu na nusu. Mafuta, kila gramu tisa. Nilikutazama ukijumlisha kwenye kiti cha kusubiria, ukapata elfu moja na mia sita kamili, ukajumlisha tena kutoka chini kwenda juu kama nilivyokufundisha. Nilijisikia nimekuzaa mimi mwenyewe, bila msaada wa mama yako.

Nyumbani nikajifanya ndiye mjuzi. Mizani ya sahani mbili ya duka nilikuwa nimebaki nayo, na mawe yake yote mpaka la gramu kumi. Nikaamuru: kila siku nipimiwe gramu mia mbili na hamsini za ugali, mia na ishirini na tano mchana, mia na ishirini na tano jioni. Mama yako alitazama lile bonge kwenye sahani ya shaba akasema, "Hiki ni cha kuku. Wewe utakula saa ngapi?" Nikamwambia hesabu ni hesabu. Siku kumi na tatu nilikula hivyo. Siku ya kumi na nne nilianguka kisimani, na ndoo ikaniangukia.

Wewe ndiye uliyelipata kosa. Ulipima unga kabla haujaingia kwenye sufuria, kilo moja kamili. Ulipima sufuria tupu, ukapata gramu mia saba na themanini, ukazikwaruza kwa msumari chini ya kitako chake ili mtu asipime tena kila siku. Ugali ulipoiva ukapima sufuria na vyote, ukatoa chombo. Ugali ulikuwa kilo tatu. Ukanijia na daftari.

"Baba, maji hayana kalori. Lakini yana uzito."

Nilikuwa nimekula theluthi ya haki yangu, siku kumi na tatu, kwa ujuzi wangu mwenyewe. Daktari alisema unga, mimi nikapima ugali. Mpimaji wa miaka ishirini hakuliona hilo, binti wa darasa la sita akaliona.

Kuanzia hapo kazi ikawa yako, na uliifanya vizuri kuliko nilivyowahi kuifanya dukani. Mafuta hukuyapima kwenye kijiko, kwa sababu mafuta mengine hubaki kijikoni. Ulipima chupa kabla na chupa baadaye, tofauti ndiyo iliyoingia chunguni. Ukoko ulioganda kwenye sufuria uliukwangua ukaupima, ukautoa. Maharage uliyapima makavu, tena baada ya kuyachagua, si kabla, kwa kuwa mawe hayaliwi. Jiwe letu dogo kabisa lilikuwa la gramu kumi, na wewe ulitaka kujua chini ya hapo. Ukahesabu punje za mahindi mpaka sahani zikalingana, zikawa thelathini. Basi punje tatu gramu moja. Ukawa unazo kwenye kikopo, mawe yako mwenyewe, na ole wake kuku atakayesogea.

Na lile jambo la sinia. Watu wote wa nyumba hii wanakula sinia moja, na katika sinia moja huwezi kujua nani amekula nini, mwenye mkono mwepesi ndiye mshindi. Ulitaka nitengewe sahani yangu. Nikakataa, nikasema sijafiwa wala sijatengwa, nitakula na watu wangu. Hukubishana. Ulifinyanga sehemu yangu peke yake, ukaiweka upande wangu wa sinia, ukaizungushia mstari wa mlenda kama mpaka wa shamba. Wadogo zako wakawa wanauita mpaka wa Bwana Kilo, na hakuna aliyeuvuka. Nilikula na watu na bado nikapimwa. Sijui mtu mwingine ambaye angelifikiria hilo.

Mwaka ule wa kwanza maji ya bluu yalibaki kijani. Kilo zangu zilishuka mpaka sabini na moja. Daktari alilisifu daftari mbele yako.

Sasa nifike nilipokuwa nachelewa kufika.

Msimu wa mavuno uliofuata kijiji kikanituma nyumba kwa nyumba na mizani ya kuning'iniza, nipime mtama na uwele wa kila kaya kabla ya kuletwa ghalani. Nyumba kumi na mbili kwa siku, kwa miguu, miezi miwili na nusu. Unajua watu walivyokuwa wakiitazama kazi ile. Mtu amehamishwa, amelima alipoambiwa, halafu anakuja Saidi na ndoano ya mizani. Niliona macho yao. Nyumba ya kwanza kabisa, kwa Mzee Ntandu, walikuwa wanakula.

"Karibu, Bwana Kilo. Nawa."

"Nimeshiba, mzee wangu."

"Umeshiba kwa nani saa hizi?"

"Nina ugonjwa wa sukari. Daktari amenizuia."

Mzee akaweka tonge chini. "Sukari! Dukani kwenyewe hatujaiona tangu masika, wewe unaipata wapi? Tuonyeshe na sisi!" Nyumba nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Lakini mkewe hakucheka. Alisema taratibu, huku akichota mboga, "Mpimaji anayekataa chakula chako ama anakuogopa uchawi, ama ameshaamua kilo zako."

Nikanawa. Nikamega tonge moja, nikachovya, nikala nimesimama. Nyuso zikafunguka. Tukapima mtama wake kwa amani na hakuna aliyebishia mshale wa mizani.

Kuanzia nyumba ile nikajua ufunguo wa kazi ni tonge. Si chakula, nilijiambia, ni heshima. Mtu hawezi kuugua kwa heshima. Kwa Mama Hamisi kiazi, kwa mwingine kata ya togwa, kwa mwingine karanga kiganjani, lakini zaidi ugali, tonge moja, nimesimama, ndoano begani. Kilicholiwa umesimama kwenye nyumba ya mtu sikukiita kula. Jioni nilirudi, nawe ulikuwa umeshapima sehemu yangu, umeizungushia mpaka wa mlenda, ukaniuliza kama ulivyouliza kila siku:

"Baba, leo umekula kitu nje?"

Na mimi kila siku nilijibu, "Sijala."

Sikuona kwamba nasema uongo. Nataka ulijue hilo, si kama udhuru, ila kwa sababu ndivyo kosa lilivyoingia. Karatasi ya kaki nayo nilikuwa naiona kwa macho yangu kila siku, lakini sikuiita mzigo.

Makubazi ya tairi yakanichubua mguu wa kushoto. Kidonda hakikupona. Kikanuka. Tukarudi hospitali, mimi na wewe na daftari.

Daktari alinipandisha kwenye mizani, kilo sabini na tano. Akapika maji ya bluu, rangi ya tofali. Akafungua daftari lako, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Elfu moja na mia sita. Elfu moja mia tano na tisini. Elfu moja na mia sita.

"Nani anaandika hili?"

"Mimi, daktari."

"Mtu anayekula hivi hapandi kilo nne. Ama mizani yako ni mbovu, ama hujui kupima, ama unaandika bila kupima. Ipi kati ya hizo?"

Ulisema, "Sijui, daktari." Sauti ilikuwa ndogo. Ukanigeukia. Ulinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake ashike upande wa pili wa gunia.

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na matonge yote kichwani, ningeweza kuyataja nyumba kwa nyumba. Nikatazama mguu wangu.

Daktari hakukosea. Kwa namba alizokuwa nazo, hata mimi ningeuliza vile vile. Aliyemficha namba nyingine ni mimi.

Nimetafuta sababu kwa siku nyingi, na nimepata mbili, zote hazitoshi. Ya kwanza, niliogopa maneno yatarudi kijijini, kwamba Bwana Kilo anakula kwa watu na kudanganya kwake, sasa nani ataamini ndoano yake? Ya pili ndiyo ya kweli zaidi. Mimi nimezoea kudhulumiwa. Walinihamisha, walinifungia duka, walinichukulia mizani, na katika yote hayo nilikuwa na haki, na nimekaa upande ule muda mrefu hata nimetengeneza kiti. Siku ile nilitakiwa nisimame nihamie upande wa pili, wa mwenye kosa, na sikujua njia. Nikaona ni rahisi zaidi wewe uonekane umekosea kidogo. Kumbe hukuonekana umekosea kidogo. Walikata vidole viwili vya mguu ule, na wewe ukavibeba moyoni.

Nilikuona tuliporudi. Ulipima jiwe la kilo kwa mawe madogo, ukapima mawe madogo kwa jiwe la kilo. Ulibadilisha sahani, ya kushoto kulia, ya kulia kushoto, kuona kama mkono mmoja wa mizani ni mrefu. Ulihesabu upya punje thelathini. Ulikuja ghalani ukaomba mawe ya kijiji ulinganishe na yetu, na mimi nikakupa, nikasimama nikikutazama ukitafuta kosa ambalo nilikuwa nimelimeza. Mizani ilikuwa sawasawa. Hilo ndilo lililokuumiza zaidi, maana kama mizani haina kosa, basi aliyebaki ni wewe. Siku iliyofuata ulimpa mama yako kikopo cha punje. Akazimwagia kuku. Tangu siku ile hujashika mizani.

Mwezi uliopita nilifanya jambo ambalo hujui. Nilimwomba mama yako amege matonge kumi, kama anavyomega mtu mzima mwenye njaa ya kawaida, nikayapima moja moja. Lililo dogo gramu hamsini, lililo kubwa sabini na tano, wastani sitini. Gramu sitini za ugali ni gramu ishirini za unga, wewe ndiye uliyenifundisha, maji hayana kalori. Ishirini mara tatu na nusu ni sabini. Nyumba kumi na mbili, mia nane na arobaini. Hiyo ni zaidi ya nusu ya chakula alichoniandikia daktari, kila siku, nimesimama, kwa heshima.

Weka juu ya elfu moja na mia sita zako. Elfu mbili mia nne na arobaini. Mtu anayekula hivyo kwa miezi miwili na nusu anapanda kilo nne. Daftari lako, ukilijumlisha na matonge yangu, linalingana na mizani ya daktari. Ulipima sawasawa kila kilichopita mkononi mwako. Kila gramu. Hakuna ukurasa wenye kosa, nimezikagua zote, juu kwenda chini na chini kwenda juu.

Utajiuliza kwa nini sikukwambia wakati ule, mwezi uliopita, nilipoyajua haya kwa namba. Nilikuja mara moja. Ulikuwa unapepeta. Nikasema, "Tatu," ukasema, "Naam baba," nikakuuliza kama mbuzi wamerudi. Walikuwa wamerudi, nilikuwa nimewaona.

Juzi na jana nimerudi kwenye nyumba kumi na mbili za siku ile ya kwanza. Ulisemwa vibaya mbele ya watu, daktari na muuguzi na wagonjwa wa benchi zima, na habari ikafika kijijini kabla yetu. Kuirekebisha kwa barua ya siri kungekuwa kupima na karatasi tena. Nilianza kwa Mzee Ntandu. Wakanikaribisha, nikanawa, nikamega tonge, halafu kabla sijalitia mdomoni nikatoa daftari langu dogo nikaandika mbele yao.

"Unaandika nini, Bwana Kilo? Unatudai?"

"Naandika tonge lako. Msimu uliopita nililila sikuliandika, binti yangu akalaumiwa, mimi nikanyamaza. Tatu hakukosea. Nilikosea mimi."

 Mzee akanyoosha mkono akalichukua lile tonge kiganjani mwangu, akalimega, akanirudishia kipande kama punje ya karanga. "Andika hicho," akasema. "Heshima haina uzito mkubwa hivyo." Mkewe akasema, "Mwambie binti tulimdhania vibaya." Nyumba ya pili walikuwa wameshasikia. Nyumba ya nane walikuwa wameshakata kipande changu tayari, wananingojea wacheke. Wamecheka sana, na wana haki. Hakuna hata mmoja aliyeutilia shaka mshale wa ndoano yangu. Nilichokuwa nakiogopa hakikuwepo.

Jogoo utakayemkuta leo jioni ametoka kwa Mama Hamisi. Usidhani ni zawadi ya safari tu. Alisema, "Huyu ni wa yale maneno niliyoyasema kisimani," akageuka akaenda. Sikujua aliyasema, labda wewe ulijua.

Siku ya kliniki nitakwenda kwa daktari na hesabu hizi na nitamsomea mwenyewe. Leo, kwenye sinia, nitasema mbele ya mama yako na wadogo zako. Nitasema kwa kifupi, sina maneno mengi ya mdomo. Barua hii ni ya namba, uwe nazo mkononi huko uendako, siku itakapokujia tena ile sauti ya "sijui, daktari".

Kuhusu ushonaji sikuamulii. Umekua. Lakini ukiomba kuhamishwa, omba kwa sababu unapenda sindano. Usiombe kwa sababu ya vidole vyangu, hivyo nimevikata mimi, tonge kwa tonge. Na ukibaki kwenye uuguzi, siku moja mgonjwa atakuambia "sijala" akikutazama machoni. Usimwite mwongo. Muulize amesimama nyumba ya nani.

Sasa fungua daftari. Kurasa za msimu ule nimeongeza safu moja kulia, kwa penseli, mwandiko wangu mbaya, nyumba na tonge, nyumba na tonge, kwa kadiri ninavyokumbuka. Jumla mpya nimeziweka chini ya zako. Zako sikuzigusa.

Ukurasa wa mwisho una tarehe ya leo na mstari mmoja mtupu. Ndicho chakula cha jioni hii. Nitakapomaliza kuandika nitakwenda nyumbani, nitatoa mizani kwenye sanduku lake, na utakapofika kutoka Mtinko nitakuomba unipimie. Wewe unayesoma unajua kama ulikubali au ulikataa. Mimi sijui bado. Kama ulikataa, nimepima mwenyewe, na umeniona nikiliweka na kuliondoa jiwe la gramu kumi. Kwa vyovyote, ulikaa kwenye sinia ile, uliniona nikila, matonge yote, na hakuna nililokula penginepo leo. Nimeshinda ghalani.

Mstari ule sikuujaza. Uzito wa sufuria uko kichwani mwako. Andika wewe, kalamu iko ndani ya daftari, ukishafika bwenini utapata utulivu wa kuandika.

Sitakagua.

Ni mimi baba yako,
Saidi